Maneno ya Kompyuta Niliyoyapeleka Sokoni Mosocho

Mosocho, Kisii

Kwa dada yangu Salome,

Barua zote tulizofundishwa shuleni zilianza kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako. Leo nimeshika kalamu nikaona siwezi kuandika hivyo bila kusema uongo. Wewe najua ni mzima, maana wiki jana ulinipigia simu ukanipasua sikio kwa kicheko. Hofu iko huku kwangu, dada, na imekaa kitako kama mgeni asiyejua kuaga. Ulipouliza habari za nyumbani nikakujibu wote wazima. Nilikudanganya, unisamehe.

Goti lako je? Ile dawa ya kuchua uliyopewa imesaidia, au bado unapanda ngazi za kanisa kwa kushikwa mkono? Na mvua, imefika Taveta? Huku inanyesha kila siku baada ya saa kumi, mpaka nguo zinaota ukungu kambani.

Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Ni kwa sababu simu yako, dada, ni kipaza sauti. Ukipokea, mtaa mzima unasikia upande wako, na ukiniuliza swali mtaa unajua jibu. Haya si ya mtaa. Soma mwenyewe, mlango umefungwa, usimpe mjukuu akusomee.

Nianze na Kemunto, maana kila kitu kimeanzia kwake, na mimi unajua siwezi kuanza pengine. Huyu mtoto Mungu alinipa akiwa amefurahi. Tulipomzika baba yake alikuwa kidato cha pili, watu wakasema mjane wa kutoka mbali hataweza kusomesha. Leo nenda Kisii mjini, uliza kwa yule Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mzee Kantilal, nani alimtengenezea tovuti yake. Atakwambia ni Kemunto. Wala si tovuti ya kusoma tu kama gazeti. Hii unaandika unataka misumari na mabati mangapi, nayo inakujibu kama yapo dukani au yameisha. Na wauza ndizi wa hapa Mosocho amewatengenezea yao bure: mtu anaandika ana mikungu mingapi, na mwenye lori aliye Nairobi anaona kabla hajawasha gari. Mzee Kantilal alinishika mkono mbele ya wateja akaniambia, "Mama, huyu mtoto ana akili ya watu watatu." Nikamjibu, "Wanne, Mzee. Hesabu vizuri." Akacheka mpaka miwani ikamwanguka.

Sasa Kemunto ana kundi. Ni vijana wanaotengeneza tovuti za namna hiyo, na wote wanatumia chombo kimoja cha kuzitengenezea, kwa hiyo wakajiita Kundi la Watumiaji. Wakaliandika mlangoni kwa rangi nyekundu. Mchungaji alipopita akaniuliza, "Mama Kemunto, watumiaji wa nini?" maana huku ukisikia mtumiaji ni mtu wa bangi. Tulicheka siku hiyo. Ningejua, nisingecheka. Ningechukua brashi.

Mwanzo walikuwa wanakutana Kisii mjini, ghorofani kwa Mzee Kantilal. Lakini vijana wengi wametoka huku vijijini, na nauli iliwashinda. Kemunto akatafuta chumba hapa Mosocho, kile kilichokuwa kinu cha kusaga unga. Kuta ni za mabati, neno likisemwa ndani linatoka nje bila kubisha hodi. Madirisha wameyaziba kwa magunia ili picha ya projekta ionekane ukutani. Wanakutana Jumapili mchana, kwa sababu nusu yao ni Wasabato, Jumamosi hawagusi kazi, na nusu ni Wakatoliki, wanakuja wakitoka misa. Umeona hiyo hekima? Hata kanisa lenyewe halijaweza kuwakalisha pamoja hao.

Na jambo analolifanya ambalo wengine hawafanyi ni hili: anafundisha kwa Kiswahili. Wako vijana hodari kabisa ambao Kiingereza kiliwafukuza shule. Kwa hiyo kila neno la kompyuta wamelitafutia la kwetu. Hata mimi niliyeishia darasa la saba nilikuwa naelewa. Kila Jumapili nilikuwa nawapelekea chai na ndizi za kuchemsha, nikakaa nyuma kwenye gunia, kazi yangu kumtazama mwanangu akiongea na watu wazima wenye ndevu wakiandika.

Nikueleze maneno yenyewe, maana ndiyo yaliyotuponza. Ndani ya kompyuta, kazi kubwa huzaa kazi ndogo. Ile kubwa wanaiita mzazi, na ile ndogo mtoto. Mtoto akikwama, akakataa kumaliza kazi, kompyuta nzima inakuwa nzito, basi lazima aondolewe. Na neno wanalolitumia ni kuua. Siku ya kwanza nilishtuka.

"Kemunto, huyu mtoto amekataa kufa!" kijana mmoja alipiga kelele.

"Muue kwa nguvu. Ukimwomba hatasikia."

"Nikiua mzazi je?"

"Utabaki na mayatima, watakusumbua. Anza na mtoto."

Tena kuna kichwa. Kila mmoja anafanya kazi yake pembeni, kwenye tawi lake, wanasema, na kichwa ndicho kinachoonyesha umesimama tawi gani. Ukipotea ukawa hupo kwenye tawi lolote, kichwa kimekatika. Siku moja binti mmoja alikuwa analia kabisa, "Kichwa changu kimekatika, kazi ya wiki mbili imepotea!" Kemunto akainama, akaandika neno moja tu, kichwa kikarudi, na kazi yote ikaonekana. Dada, nilisimama nikapiga kigelegele. Wakanicheka, lakini nilipiga.

Sasa hapo ndipo nilipokosea. Sikukosea ndani ya kile chumba. Nilikosea sokoni.

Unajua akina mama wa hapa tukikaa sokoni kinachouzwa zaidi ya ndizi ni watoto. Huyu wake yuko Qatar, huyu wake ameolewa na mwalimu mkuu. Siku hiyo mama mmoja alikuwa ametushika masikio tangu asubuhi na mwanawe daktari wa ng'ombe. Ng'ombe amezaa pacha, daktari. Ng'ombe amemeza mfuko, daktari. Nikavumilia mpaka saa sita. Halafu nikasema, "Huyo wako anatibu ng'ombe. Njoo uone wangu."

Na nikasema kwa Kikisii. Hilo ndilo kosa. Kama ningesema kwa Kiswahili, lugha tuliyonyonya nayo pale kwenye mashamba ya katani, ningejieleza. Lakini nilitaka kuwaonyesha kwamba mimi pia ni wa hapa, miaka ishirini na saba si mchezo. Na Kikisii changu unakijua, cha kuokoteza, kina mashimo. Lile la "kazi ndogo iliyomo ndani ya kompyuta" lilinishinda, nikaliruka. Nikabaki na yale ninayoyajua vizuri: mtoto, mzazi, kuua, kichwa, kukatika. Nikawaambia Kemunto wangu na kundi lake wana watoto kule ndani, wanazaliwa kila siku, na mmoja akisumbua anamuua, mzazi wake habari hana. Nikawaambia juzi mtu alikatika kichwa mle ndani akakirudisha kwa neno moja tu.

Yule mwenye daktari wa ng'ombe akaacha kumenya viazi.

Mimi, dada, mjinga mimi, nikadhani ni kustaajabu. Nikaenda nyumbani nimevimba kwa furaha. Nikapika hata kuku.

Ikapita wiki moja. Nikaanza kuona vitu vidogo. Nikisalimia, mtu anajibu akitazama pembeni. Mama mmoja akamvuta mtoto wake nilipompa andazi. Mwenye duka akaniuliza kwa utani ambao haukuwa utani, "Mama Kemunto, kwenu Pwani yale majini mnayalisha nini?" Nikamwambia, "Taveta na bahari ni wapi na wapi? Mimi bahari nimeiona mara moja, na iliniogopesha." Hakucheka. Kwa watu wa huku, ukishavuka Voi basi wewe ni Pwani, na ukiwa Pwani una jini chupani. Nilijua hilo tangu niolewe, lakini marehemu alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kulisema mbele yangu.

Jumapili iliyofuata kabinti ka fundi viatu kakapotea. Kanaitwa Moraa, kana miaka minne. Saa tano kalikuwa kanacheza mbele ya kibanda, saa sita hakapo. Watu wakatafuta mtoni, wakatafuta kwenye mashimo ya kuchimba mawe. Mimi nilikuwa nyumbani nachemsha chai ya vijana, sikuwa na habari. Saa tisa nikabeba chupa zangu mbili za chai na sufuria ya ndizi nikashika njia.

Niliwaona kwa mbali. Watu kama mia wamezunguka kile kinu, na wamenyamaza. Hicho ndicho kilichonitisha. Kelele ningezielewa. Walikuwa wanasikiliza. Baba wa Moraa alikuwa ameweka sikio kwenye bati, mikono yake imejaa rangi ya viatu. Na kutoka ndani, dada, namwomba Mungu asiniache niisikie tena, ikatoka sauti ya mwanangu, ya furaha kabisa, kama mtu anayefundisha:

"Bado anapumua? Ua mtoto! Mzazi hatajua!"

Yule baba alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Mawe yakaanza. Bati lilikuwa linalia kama ngoma za shetani. Nikamwona mwenye boda boda amefungua tangi la pikipiki yake, anakinga petroli kwa chupa ya soda. Sufuria ilinidondoka, sijui ilienda wapi. Nilipita katikati yao kwa viwiko, nikafika mlangoni, nikageuka, nikatandaza mikono.

"Hao ni watoto wenu!" nikasema. "Ndani kuna watoto wenu wenyewe!"

Mwanamke mmoja akajibu nyuma, "Huyo ndiye. Huyo ndiye wa Pwani."

Nilijaribu kueleza. Kikisii chote kikanitoka. Nilisema kompyuta, kompyuta, kompyuta, kama kasuku. Jiwe likapita juu ya kichwa changu, likapasua gunia la dirishani, nikasikia ndani mtu akipiga kelele, na nikajua sauti. Mama hujua. Lilikuwa limempata Kemunto juu ya jicho.

Aliyetuokoa ni shemeji Ombati, mdogo wake marehemu, yule mzee wa kanisa ambaye miaka yote hanisalimii mpaka nimsalimie. Alikuja anakimbia na suti ya kanisani, akasimama mbele yangu, mgongo wake umenigusa pua. Akawaambia, "Mkichoma, mnaanza na mimi. Na mjue Ombati hachomeki haraka, nina mafuta mengi." Wengine wakacheka. Kicheko kile kilitununulia labda dakika tatu. Na ndani ya zile dakika tatu simu ya fundi viatu ikalia. Alikuwa mama mkwe wake, kutoka Nyamira. Moraa yuko kwake, anakula uji. Mjomba alimkuta anacheza, akampakia kwenye pikipiki kumpeleka akamsalimie bibi, akasahau kuaga.

Hakuna aliyeomba radhi. Walipungua tu, mmoja mmoja, kama watu wanaotoka matanga. Yule wa boda boda akairudisha petroli yake kwenye tangi, polepole, asimwage hata tone. Mpaka leo nikifumba macho namwona anavyoimimina kwa uangalifu.

Kemunto alishonwa nyuzi nne kwenye zahanati. Jicho limepona, Mungu ni mwema, ila jiwe lilikosa jicho kwa upana wa kidole tu. Kompyuta ya kijana mmoja ilivunjika.

Jumatano naibu chifu akaita baraza. Mtu mpole, wala simlaumu. Akasema, "Mtoto amepatikana, lakini neno limebaki. Watu wanasema safari hii ameonekana, na safari ijayo je? Hicho chumba nakifunga mpaka tujue nani aliyetoa maneno haya, aje aeleze mbele ya watu alisikia nini."

Akauliza, "Ni nani?"

Mimi nilikuwa benchi la mbele. Nilitazama viatu vyangu. Nilijiambia nitasema mtu mmoja akikohoa. Mtu akakohoa. Sikusema. Nilikuwa nimeona ile chupa ya soda, dada. Nilijua nikifungua mdomo watasema, alaa, kumbe ni huyu, kumbe mwenyewe alikiri tangu sokoni tukawa hatumwelewi.

Hapo Kemunto akasimama, kitambaa cheupe kichwani, mzuri kama bibi arusi. Akasema, "Aliyetoa ni Mama Bochere."

Mama Bochere ana kibanda sokoni, lakini Jumapili huuza ndizi zake kandokando ya kinu, ameegemea bati letu kabisa. Kemunto akasema, "Kila Jumapili yuko pale. Anasikia kila kitu na anaelewa nusu."

Mama Bochere akainuka. Ni mama mfupi, mnene, ana mdomo. Siku zote huwa ananitania, "Mke wa Pwani, leo umetia chumvi kwenye chai?" Siku hiyo alikosa utani. Akasema, "Mimi? Mimi hao vijana nawawekea ndizi za bei nzuri. Nikisikia wanaua, nauliza wanaua nini, wananiambia ni mashine. Niliuliza! Mlioogopa kuuliza ndio mlirusha mawe!" Akaapa kwa mtoto wake Bochere. Halafu akazunguka akatafuta uso wangu mle ndani, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama Kemunto, wewe unanijua. Sema kitu."

Nikafunga kamba ya kiatu changu. Kiatu changu hakina kamba, dada. Niliinama tu.

Wale akina mama wa sokoni je, utauliza. Walionisikia walikuwa watano. Hao nao walinyamaza, kwa sababu wao ndio waliolibeba neno kutoka kwangu likafika kwa fundi viatu, na kila mmoja alifurahi limepata mwenyewe.

Tangu siku hiyo Mama Bochere hanunuliwi. Vijana wanapita wakitema mate. Mmoja akampiga picha akaisambaza kwenye simu, "mchochezi wa Mosocho." Ijumaa asubuhi akaamka akakuta migomba yake saba imekatwa, imelala shambani, yenye mikungu na isiyo na mikungu. Hakuna anayejua aliyekata. Nilipita pale, nikaona utomvu ulivyomwagika kwenye majani. Huku mtu hakati migomba ya mwenzake kwa hasira ndogo. Ni kumwambia, safari ijayo si mgomba.

Ule moto wa Jumapili haujazimika basi, dada. Umehamia nyumba nyingine, na njiti ni yangu.

Jana ndipo nilipomwambia Kemunto. Nilikuwa nambadilishia kitambaa. Unajua kwa Kikisii "baba" maana yake ni mama, na yeye ndivyo anavyoniita hata mbele ya wageni wa Nairobi, wanabaki wanamtafuta mwanamume. Nikamwambia, "Mama Bochere hakusema. Nilisema mimi." Nikamweleza yote, mpaka yule daktari wa ng'ombe, mpaka yale niliyoyaruka.

Chai ikaweka utando mbele yake. Nikangoja anitukane, nikaona heri anitukane.

"Baba," akasema, "ulisema kichwa kilikatika na nikakirudisha kwa neno moja?"

"Nilisema."

"Kwa Kikisii?"

"Kwa Kikisii."

Akafunika uso. Nikadhani analia, kumbe anacheka, halafu ikawa analia kweli, vyote pamoja, na nyuzi zake zinavutika. Alipopumua akasema, "Usimwambie mtu. Nisikilize vizuri, baba. Mimi nitaenda kwa Mama Bochere nitamwambia nilikosea kumtaja. Nitapanda naye migomba mingine. Kundi litarudi mjini kwa Mzee Kantilal. Lakini wewe usifungue mdomo. Mimi nimezaliwa hapa, watanisamehe. Wewe hawatakusamehe."

"Utaombaje msamaha wa kosa la mtu mwingine?"

"Nitaomba hivyo hivyo."

"Na aliyekata migomba? Ataacha kwa sababu umekosea jina? Atatafuta jina lingine. Na huko mjini vijana wa vijijini watafika kwa nini, kwa mabawa?"

Akaniambia tu, "Umenifundisha kusema ukweli, sasa nakuomba usiseme. Si unaona ninavyoomba?" Naam, nilimwona. Sijawahi kumnyima mtoto huyu kitu ninachokiweza.

Asubuhi ameondoka kwenda mjini kuongea na Mzee Kantilal, nami nimekaa kuandika.

Kesho ni siku ya soko, dada. Nitaenda. Nimekwisha kumwambia shemeji Ombati, yeye peke yake, na nilitegemea anikataze. Alikuna shingo yake akasema, "Watu watakuwa wengi." Basi. Halafu akasema atakuja kununua kabeji, yeye ambaye hajawahi kununua kabeji tangu aoe.

Ninaogopa. Nataka mtu wa damu yangu ajue kwamba naogopa, maana huku nitajikaza na hawataona. Naogopa kwamba nitasema nusu na ile nusu ndiyo itakayobebwa, kama mara ya kwanza. Naogopa ile chupa ya soda. Naogopa uso wa fundi viatu, kwa sababu yeye hakufanya kosa, alisikia alichosikia na mtoto wake hayupo. Ningekuwa yeye ningerusha mawe makubwa zaidi.

Kama likitokea jambo, Kemunto aje kwako. Usimwache akae huku kwa matanga marefu, mchukue siku ile ile. Mpe kile chumba cha nyuma chenye umeme mzuri, na usimwambie aache kompyuta zake atafute kazi ya kueleweka. Wewe na mimi hatuna cha kumfundisha. Hapo katani kuna vijana waliofukuzwa na Kiingereza kama hapa. Atapata wa kukaa nao Jumapili. Ila mwambie aongee polepole, na madirisha yawe wazi.

Nisalimie shemeji, mume wako, mwambie ile redio aliyonipa bado inaongea. Nisalimie shangazi yetu wa Kitobo, kama macho yake bado yanaona mchele na mchanga tofauti. Msalimie mwanao wa kwanza, yule dereva, na mke wake ambaye sijamwona ila kwa picha, mwambie ni mzuri lakini akonde kidogo tu, asizidishe. Wajukuu wote wabusu, na yule mdogo anayeitwa jina langu mbusu mara mbili. Ukipita makaburini mwambie mama sijamsahau.

Nimefikiri nitasemaje kesho. Kikisii sitakitia mdomoni. Nitasimama mbele ya kibanda cha Mama Bochere, mbele ya ndizi zake ambazo hakuna anayezinunua, na nitasema kwa Kiswahili, taratibu, neno kwa neno, mtoto ni nini, kichwa ni nini, na nani aliyeyaleta hapa. Wazee wengi hawatanielewa. Itabidi mtu anitafsirie, na ndani ya soko lile lote aliyewahi kuuliza maneno yale maana yake nini ni mmoja tu. Nitamwomba yeye, mbele za watu wote, baada ya kumwambia nilichomfanyia.

Akikubali, watasikia yote. Akinyamaza, nitakuwa nimesema hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Rhoda, Mama Kemunto